Tulivyomleta Baharia Kashindi Juu ya Kabichi

Ndiyo, ni kweli. Nililia kuanzia Kamanyola, mbele ya watu, juu ya sanduku ambalo ndani yake hamkuwa na maiti. Ninyi walimu wenzangu mnaoniuliza kila mapumziko, na ninyi wa kwaya mnaocheka hata kabla ya kuuliza, kaeni niwasimulie mara moja tu, kwa mpangilio, kama ninavyofundisha mito. Nimechoka kusikia safari yangu ikisimuliwa sokoni na watu ambao hawakuwemo kwenye lori.

Kalundu, kabla ya kuondoka

Mjomba wangu Kashindi alizaliwa hapa Kalundu, nyuma ya bandari ya Uvira. Akiwa na miaka kumi na saba alipanda meli ya mizigo iendayo Kigoma, kazi yake kufunga kamba, na hakurudi tena. Kutoka Kigoma alikwenda Dar es Salaam, huko akapata meli ya bahari, na tangu hapo ramani haikumtosha. Alituandikia kadi. Hakununua zile zenye picha, alichora mwenyewe: ngamia wa Port Said, mbwa wa bandari ya Santos, mwanamke wa Bombay aliyebeba ndizi kichwani. Nyuma yake aliandika maneno matatu au manne: "Hapa mvua tu." Au: "Ndizi zao ndogo." Mimi nilijifunza dunia kwa kadi hizo, na ndiyo maana leo nafundisha jiografia, ingawa mwenyewe nimefika Bujumbura mara nne tu, mbili kati ya hizo kwa daktari wa meno.

Uchoraji ulimshika hivi. Alinisimulia mwenyewe kwa simu. Siku moja walimpa kopo la rangi ya kijivu apake ubavu wa meli. Akapaka, akachoshwa na kijivu, akatafuta nyekundu, na jioni nahodha akakuta ubavuni mwa meli yake samaki wa mita sita anayecheka. Walimshusha kwenye bandari ya kwanza waliyoifikia, nayo ilikuwa ya Uholanzi. Akabaki huko akichora mpaka uzeeni, na watu wakanunua. Kila mara alichora bahari, na nyuma ya kila bahari aliweka milima ya buluu. Wenyeji wakamwuliza milima hiyo iko wapi, maana nchi yao yote ni tambarare. Aliwajibu waongeze macho. Mtu yeyote wa Kalundu angewaambia kwamba ile ni milima ya Burundi, tunaiona kila asubuhi tukipiga mswaki.

Alifariki mwaka jana, wakamzika hukohuko. Dada yake mkubwa, Mama Nabintu, aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, alikataa kuondoa matanga. Alisema hawezi kumaliza kilio ambacho hakijaanza: mwili hajauona, kaburi hajaliona, hata udongo hajautupa. Miezi kumi na moja alikaa hivyo. Kisha tukapata habari kwamba mjomba amemwachia picha, imefungwa katika sanduku kubwa la mbao, nayo inasubiri Bukavu. Namna ilivyofika Bukavu sitaieleza. Karatasi zake zina mihuri mingi kuliko pasipoti ya mjomba. Mama Nabintu akatangaza: Jumamosi tunaondoa matanga. Ndugu wa miji ya Baraka na Fizi wakaitwa, mbuzi akafungwa nyuma ya nyumba, na mimi nikatumwa nikailete.

Siku ya kuondoka aliniita jikoni. Jiko lake halina mlango, wala halijawahi kuwa nao tangu nizaliwe. Kuna pazia la kitenge tu, na kila kinapochakaa anatundika kingine.

"Zawadi, mwanangu, sikiliza, na usiseme kwa muntu," aliniambia. "Hapa palikuwa mulango. Mupya! Mbao nzuri. Kashindi akatoa rangi kule ku mabato, akapaka samaki mukubwa wa buluu, toka juu mpaka chini. Nilikuwa na wageni ile siku. Nilisikia haya, nilisikia hasira. Akaenda kuoga ku ziwa, minye nikabeba shoka, nikapasua ule mulango, nikaupikia maharagi."

"Na yeye alisema nini?"

"Aliuliza mulango iko wapi. Nikamuambia wezi." Alikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. "Siku tatu nyuma yake akapanda bato. Hakurudi. Kama alijua ni minye, alikufa na kisirani yangu mu roho. Na kama alikuwa na kisirani, ile picha itanionyesha. Kashindi hakujua kusema, alijua kupaka. Uilete. Muntu asiifungue mbele minye sijafika."

Kwa hiyo mjue kwamba hofu yangu njia nzima haikuwa majambazi wala makorongo. Nilikuwa nikimbebea mama yangu mkubwa hukumu iliyopigiliwa misumari.

Bukavu: sanduku na dereva

Kwenda kulikuwa rahisi, sitapoteza muda wenu. Bukavu nilionyeshwa sanduku ghalani, nikazunguka mara mbili. Lilikuwa jembamba, refu kunishinda, na mapana ya kumtosha mtu mwenye mabega. Nilijiuliza ni picha gani ina umbo hilo. Huku nyuma mlinzi wa ghala alikuwa ameshavua kofia, ila mimi nilidhani anasikia joto.

Gari la kwenda Uvira lenye nafasi lilikuwa moja tu, lori la kabichi. Dereva wake aliitwa Bahati, mwanaume mwembamba mwenye njaa isiyoelezeka. Tulipofahamiana tu alikuwa akila sambusa. Nilipomaliza kumweleza mzigo wangu alikuwa akila zangu.

"Madame, usiogope," aliniambia. "Leo saa nane iko Uvira. Minye iko najua hii njia sawa mukono wangu."

Sanduku likapandishwa juu ya kabichi, likafungwa kwa kamba. Mimi nikakaa mbele na mkoba wangu, mikate miwili na chupa ya maji. Ilikuwa Jumatano asubuhi.

Ngomo

Ngomo ni mteremko mrefu wa kona kali, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili hakuna kitu. Kwenye kona ya tano tulikuta lori la saruji limevunjika katikati ya njia, limelala kama ng'ombe aliyekataa kwenda sokoni. Nyuma yake magari kumi na mawili. Dereva wake alikuwa amekwenda Bukavu kwa miguu kutafuta chuma, na amewaachia wenzake ujumbe kwamba anarudi sasa hivi.

Sasa hivi yake ilikuwa siku mbili.

Jumatano tulikula mkate wangu. Nasema tulikula kwa adabu. Bahati alikula, mimi nilishika. Alhamisi asubuhi tulichoma mahindi tuliyouziwa na wanawake wa mlimani. Alhamisi mchana tulipika kabichi kwa chumvi. Alhamisi jioni tulipika kabichi bila chumvi. Abiria mmoja wa gari la nyuma, mzee mpole aliyesafiri na kuku, alimtazama kuku wake kwa huzuni, kisha akamtazama Bahati, kisha akamhamishia kuku upande wa pili wa gari. Simu yangu ilizimika, ya Bahati haikuwa na salio. Nilipiga hesabu ya siku mpaka Jumamosi kwa vidole, na vidole vilikuwa vinapungua.

Na kabichi nazo zilikuwa zikipungua uzima. Jua la siku mbili, turubai juu, unyevu chini: nadhani mnaelewa. La kuvunda halina ubani. Ijumaa asubuhi chuma kilipofika na njia ikafunguliwa, lori letu lilikuwa limeshapata harufu yake binafsi.

Kamanyola: kofia ya kwanza

Tukashuka tambarare ya Ruzizi na joto lake. Kizuizini Kamanyola mtu wa zamu alikuja na fimbo, akaipiga ubavuni mwa lori.

"Shusheni yote. Mimi naona kila kitu, moja moja."

Lori zima la kabichi! Kazi hiyo ingetufikisha Jumapili. Nikafungua kinywa kuomba, lakini yule mtu alikuwa ameshapanda gurudumu na kuchungulia. Aliona sanduku refu. Akavuta pumzi, akajuta kuivuta. Akanitazama mimi, mwanamke asiyelala siku mbili, macho mekundu, kitenge kimefungwa kichwani ovyo. Akashuka polepole na kuvua kofia.

"Maman, pole sana. Ni mume?"

"Mjomba," nilisema, kwa sababu sanduku lilikuwa la mjomba. "Lakini si kwamba..."

Bahati alinikanyaga mguu kwa kiatu chake chote.

"Ni mujomba yake, chef," alisema kwa sauti ya kanisani. "Baharia. Alikufia mbali. Tunamurudisha kwao Kalundu, kesho iko kilio."

Angalieni sasa: katika maneno hayo hakuna hata moja la uongo, na ndilo lililonishika ulimi. Mjomba alikuwa baharia, alifia mbali, kesho ilikuwa kilio. Kamba ikainuliwa. Yule mtu alisimama wima mpaka tukapita, na wenzake waliokuwa wakicheza karata chini ya mwavuli nao wakasimama.

Mbele kidogo Bahati akasimamisha gari, akakata matawi ya mti, akayafunga mbele ya lori na pembeni, kama wafanyavyo watu wanaosafirisha maiti. Nikamwambia mimi ni mwalimu na Mkristo, siwezi.

"Madame, weye unataka kufika Jumamosi ao hautaki?"

"Nataka."

"Basi lia kidogo. Si sana. Ya bariere tu."

Wanasema kufa kufaana. Wanasema pia njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa tambarare nzima. Kizuizi cha pili nilifunika uso kwa kitenge. Cha tatu nilitikisa mabega. Waendesha baiskeli walishuka, wanawake wenye mizigo waliinama, na Bahati akawasha taa mchana kweupe, akaendesha mwendo wa heshima huku akitafuna muhogo aliopewa na mtu wa kizuizi cha pili kama rambirambi.

Katogota: kilio cha watu wengine

Katogota gurudumu likapasuka. Lilipasuka mbele ya kanisa dogo la Wakatoliki, saa ambayo wanawake walikuwa wakitoka mashambani. Wakaona matawi, wakaona sanduku, wakaweka majembe chini.

Sikuwahi kuona watu wenye kazi nyingi namna ile wakiiacha kwa haraka namna ile. Kabla Bahati hajapata jeki, sanduku lilikuwa limeshushwa, limelazwa juu ya mikeka kivulini, na wanawake wameketi kulizunguka, miguu wameinyoosha. Wakaanza kuimba kwa Kirundi, kwa sauti za chini. Katekista, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisogelea.

"Maiti haiwezi kusimama hapa mukijiji yetu na bantu wanapita tu, sawa mbuzi," aliniambia. "Tutamulilia, kisha mutaenda. Alikuwa anaitwa nani?"

"Kashindi."

"Alikuwa muntu wa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kwa miezi kumi na moja. Watu waliniuliza amekufa na nini, na ameacha nini. Nikaketi juu ya mkeka na kuwaambia. Niliwaambia kadi, ngamia, ndizi ndogo. Niliwaambia samaki mwekundu wa mita sita, wakacheka kwa nguvu, wakashika midomo kwa kuogopa kumkosea marehemu. Niliwaambia kwamba kila mwaka alikuwa akija mwaka ujao. Bibi mmoja mzee sana aliyekaa karibu na sanduku akaweka kiganja juu ya mbao, pale ambapo kingekuwa kifua, akasema, "Basi, mwana wangu, ulichelewa lakini umefika," akaanza kulia. Hakumjua mjomba hata kidogo. Alimlilia kama mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa ajili ya kizuizi. Nililia mpaka kamasi, mimi Madame Zawadi wa jiografia, kwa mtu ambaye sikumwona hata mara moja na ambaye alinipa dunia yote kwa kadi za mkono. Niliona haya, nilifarijika, na nililia zaidi.

Kisha yule bibi akasema, "Tufungue kidogo, tumuone sura."

Machozi yakakauka palepale. Nikamtazama Bahati, Bahati akalitazama gurudumu.

"Maman," alisema, "vreman, kweli, iko siku tatu njiani. Na hii joto."

Upepo ukavuma kutoka kwenye lori wakati uleule. Kabichi zikatoa ushahidi wao. Wanawake wote wakarudisha mikeka nyuma kwa pamoja, bila kukatiza wimbo.

Walitupa ugali, ndagala, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, na mboga ya lengalenga, chakula kizuri kuliko vyote vya safari hii. Gurudumu halikupona mpaka giza likaingia, tukalazwa kwa katekista, na asubuhi ya Jumamosi walitusindikiza mpaka mwisho wa kijiji. Nilitaka kumwambia katekista ukweli. Nilianza mara tatu. Mara ya tatu akanishika mkono, akasema, "Usiseme kitu, Madame. Sisi tuko hivi." Nikapanda lori kama mwizi aliyefungashiwa chakula.

Jambo moja sikulijua. Mmoja wa wale wanawake ana shemeji yake Kalundu, na simu yake ilikuwa na salio.

Uvira: honi

Kuingia Uvira nilitegemea kupita kimyakimya, kung'oa matawi na kumkabidhi Mama Nabintu picha yake. Kabla ya daraja la Mulongwe tukakuta wenye pikipiki wamejipanga pande mbili za barabara, kila mmoja na tawi limefungwa kwenye usukani. Mmoja akaja dirishani, analia machozi halisi.

"Ni Baharia?"

"Ndiyo," alisema Bahati kabla sijamzuia, kwa mazoea.

Basi wakatuzunguka, wakapiga honi zote pamoja, wakatutangulia. Mji mzima ukatoka. Wauza mkaa, wauza vocha, wanafunzi wangu wawili wa darasa la tano niliowafukuza wiki iliyopita, wote wakatembea nyuma ya lori. Nilimwambia Bahati apite njia ya nyuma. Akasema njia ya nyuma nayo imejaa watu.

"Bahati, kule hakuna maiti!" nilimpigia kelele.

"Minye najua, Madame! Lakini sasa ni minye na weye peke yetu tunajua!"

Kalundu: shimo

Bandari ilikuwa imefungwa kwa heshima. Wavuvi walikuwa wamevuta mitumbwi, wabebaji wa mizigo wamesimama mstari mmoja, vifua wazi, miguu yote udongo mwekundu. Nyuma ya nyumba ya Mama Nabintu, chini kidogo ya mahali pa mbuzi, niliona kilichowatia udongo. Walikuwa wamechimba kaburi. Lilikuwa zuri, kingo zimenyooka.

Mama Nabintu alikuwa amesimama kwenye pazia la jiko lake, amevaa nyeupe. Usoni alikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwake, amani fulani. Alikuwa ameamini kwamba mwili umekuja. Nilipoona hivyo nilitamani lori lirudi kinyumenyume mpaka Bukavu.

Nilipanda juu ya kabichi ili wanisikie. "Wazazi wangu, ndugu zangu," nilisema, "mwili hatunao. Mjomba alizikwa Uholanzi. Humu ndani mna picha. Watu walidhani, na sisi tukawaacha wadhani, kwa sababu ya kabichi."

Wabebaji wakalitazama shimo lao. Niliomba mtu aseme kitu chochote, na Papa Elia, mkuu wa wabebaji, akasema.

"Madame, tumechimba toka saa kumi na mbili ya asubuhi. Kuna majiwe."

"Najua, papa. Nisamehe."

"Si kusamehe. Kaburi ikiisha kuchimbwa, hailali wazi. Itaita mwingine. Nani hapa anataka kuitwa?"

Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Mchungaji alianza kusema kwamba hizo ni imani za zamani, lakini nilimwona naye akirudi nyuma hatua mbili. Bahati alikuwa ameshaingia chini ya lori.

Mama Nabintu akaja mpaka kwenye sanduku. Amani ilikuwa imemtoka, sasa alikuwa na ile hofu ya jikoni, na mimi peke yangu niliijua. "Shusheni," alisema. "Fungueni. Minye niko hapa."

Papa Elia akang'oa misumari. Mbao zikaondolewa, kisha nguo, kisha karatasi.

Ulikuwa mlango.

Mlango wa kweli, wa mbao nzito, una bawaba zake na komeo lake. Ukasimamishwa, na watu wakaanza kunong'ona. Kutoka chini ya lori tulisikia sauti: "Mulango? Minye nimewasha taa mchana siku mbili juu ya mulango?"

Ulikuwa umechorwa kutoka juu mpaka chini. Juu milima ya buluu, ile ya ng'ambo. Katikati ziwa, na bandari yetu, na meli ya mizigo inayosubiri. Na chini, kubwa kuliko vyote, jiko lenye tundu mahali pa mlango. Mafiga matatu, sufuria ya maharagwe inachemka. Chini ya sufuria kulikuwa na kuni, na kuni hizo zilikuwa vipande vya mbao, na juu ya kila kipande kulikuwa na kipande cha samaki wa buluu: hapa kichwa, hapa tumbo, hapa mkia unaanza kushika moto.

Mama Nabintu aliinama karibu mpaka pua ikagusa rangi. "Alijua," alisema.

 Basi ndiyo hiyo hukumu, nikafikiri, nimeileta mimi, kutoka Bukavu, juu ya kabichi. Nikamshika mkono. Akautoa.

"Tazama huku," alisema, akaonyesha kona.

Pale konani ameketi kijana mwembamba, mashavu yamejaa, shati lina madoa ya rangi ya buluu. Anacheka. Mkono mmoja ameshika kijiko, na mkono wa pili ananyoosha sahani tupu kuelekea kwenye sufuria.

Na Mama Nabintu akaanza kucheka. Ilianza tumboni, ikapanda, ikamtikisa mpaka wanawake wawili wakamshika wakidhani ni kilio. "Sahani tatu!" alisema. "Ile siku alikula sahani tatu! Aliona kuni, alijua, akakaa, akakula! Akaomba ya ine, nikamukatalia. Nikamuambia, tumbo yako haina mulango? Alicheka sana, minye sikuelewa anacheka nini. Kashindi! Miaka yote hii minye nabeba huu muzigo, weye ulikuwa unataka tu maharagi!"

Kicheko kikageuka machozi bila kupumzika katikati. Akalia kilio alichokaa nacho miezi kumi na moja, au miaka hamsini, sijui mwenyewe. Wanawake wakampokea, bandari yote ikapokea. Na kwa kuwa kaburi halilali wazi, Papa Elia alikwenda kukata mgomba shambani kwake, kama wazee walivyofanya kwa waliofia mbali. Tukaulaza mgomba ndani ya lile sanduku, ukaenea vizuri, na Mama Nabintu akatupa udongo wake wa kwanza. Mchungaji aliomba kwa kifupi, akiwa amefumba macho sana.

Mlango ukapelekwa jikoni palepale. Ulizidi tundu kwa vidole viwili. Fundi akatoa msumeno apunguze ubavu wa mlango, ule wenye kijana, na Mama Nabintu akasimama mbele yake. "Punguza ukuta," alisema. Ukuta ukapunguzwa.

Alipika mwenyewe, mlango umefungwa, tukisikia mwiko tu. Mbuzi aliliwa na wageni, lakini kila mtu wa nyumbani alipewa maharagwe. Kisha akatoka na sahani moja iliyojaa, akaiweka chini kizingitini, mbele ya yule kijana wa kwenye kona, na hakusema ni ya nani. Sisi tuliomsikia akitaja ile sahani ya nne tulielewa.

Bahati, aliyekuwa chini ya lori wakati wote ule, hakuwa amesikia habari ya sahani. Alikuja akipangusa vumbi, akaona sahani, akaona hakuna mwenyewe, akaketi kizingitini. Nilitaka kupiga kelele, Mama Nabintu akanizuia kwa kidole kimoja. Bahati akala, mashavu yakamjaa, akafuta sahani kwa kidole. Halafu, akicheka kwa aibu kidogo, akainyoosha tupu kuelekea jikoni.

"Maman, samahani. Iko ingine?"

Mama Nabintu aliitazama kona ya mlango, akamtazama Bahati. Kisha akaipokea sahani, akafungua mlango wake, akaenda kumjazia.